Jiko la Viapo

Jina la Fanuel Kibunje liliposomwa, Subilaga alikuwa ameshamega tonge. Alilirudisha sahanini, akanawa mkono kabla hajala.

Runinga ya ukutani ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho, kama ilivyokuwa desturi ya mgahawa ule kila mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, ulipotoka. Msomaji alisoma kama mtu anayesoma bei za nafaka. Mheshimiwa Fanuel Kibunje ameteuliwa kuwa Waziri wa Maji. Kabla ya uteuzi huu alikuwa akisubiri kupangiwa kazi nyingine. Uteuzi unaanza mara moja.

"Alikuwa akisubiri," alisema Kigodi, fundi mwenzake Subilaga, mtu mrefu ambaye mdomo wake haukujua kukaa. "Maskini. Na kusubiri kunavyochosha."

Bi Kundi, mwenye mgahawa, alisimama na upawa mkononi. "Huyu si yule wa hewa?"

"Ndiye."

"Yule aliyekata utepe?"

"Ndiye huyo huyo, mama. Tulimpa hewa, ikaisha. Sasa amepewa maji. Mwakani apewe moto."

"Utabaki udongo," Bi Kundi alisema. "Na huo ni wa kutuzikia sisi."

Watu walicheka kicheko kifupi, kama cha mtu aliyejikwaa hadharani, kisha wakarudi kwenye sahani zao. Subilaga alibaki akitazama picha ya Kibunje ukutani: mashavu yaliyojaa, tabasamu la mjomba aliyekuja na zawadi. Tabasamu lile lile alikuwa nalo siku alipokata utepe wa mtambo wa hewa ya kupumulia katika hospitali ya Isenga. Mtambo ulipakwa rangi ya samawati, ukapigiwa makofi, ukapigwa picha. Ndani haukuwa na kitu. Lilikuwa sanduku la bati lenye taa ya kijani inayowaka. Msimu wa vichomi ulipoingia, wodi ya watoto iliunganisha mabomba yake kwenye sanduku hilo.

Ipyana, mtoto wa dada yake Subilaga, alikuwa kwenye wodi hiyo.

"Kinachonishangaza mimi," Kigodi alisema, sasa kwa sauti ya chini, "alikula kiapo. Tulimwona sote. Alikuwa Waziri wa Afya, ana kiapo tumboni, na watoto wanakosa pumzi. Mbona yeye hakukosa?"

Subilaga alikuwa amejiuliza swali hilo kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyepaswa kuwa na jibu, maana kazi yake ilikuwa kupika viapo.

Zamani za mabibi, katika Jamhuri hii ya Nyanda, kula kiapo kulikuwa namna tu ya kusema. Kiongozi alishika kitabu, akainua mkono, na hakuna kilichoingia kinywani. Walikula kila kitu isipokuwa kiapo, ndivyo mabibi walivyosema. Ndipo wanawake wakatoka na sufuria zao tupu, wakazipiga kwa miiko mbele ya Bunge mpaka masikio ya wabunge yakachoka, na sheria ikabadilishwa. Tangu siku hiyo kiapo kililiwa kweli.

Kilikuwa kidonge cha ukubwa wa njugu mawe. Kikimezwa, kilijishikiza kwenye ukuta wa tumbo na kuunganika na neva za mlaji. Nchi nzima, kila penye huduma, palikuwa na bamba la shaba ambalo watu waliliita kiganja: bombani, mlangoni mwa zahanati, getini mwa shule. Mtu akiweka mkono wake juu ya kiganja, bamba lilisoma mapigo yake, joto lake, ukavu wa ngozi yake, na kumpelekea kiongozi aliyehusika. Waziri wa Chakula alisikia njaa. Waziri wa Maji alisikia kiu, na kiu hiyo haikuondoka kwa yeye kunywa. Ilipungua pale watu walipokunywa.

Ili mlaji asife, kila kiapo kilikuwa na kizingiti, kipimo ambacho uchungu haukuruhusiwa kukivuka. Na ili mlaji asidanganye, kulikuwa na ukoko. Kiapo kilipoiva, chembe ndogo ilibaki chini ya chungu cha maabara, nayo ilikuwa haki ya mpishi. Mbele ya watu wote mpishi aliuweka ukoko ulimini, akasikia kile ambacho kiongozi atasikia, akasema neno moja: Kimeiva. Bila neno hilo hapakuwa na waziri.

*

"Funga mlango, mwanangu," alisema Mama Nkwabi, mkuu wa Jiko la Viapo.

Alikuwa mama mnene wa heshima, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Ndiye aliyempokea Subilaga alipotoka chuo kikuu na shahada yake ya uhandisi wa neva na aibu yake ya kuongea mbele za watu. Alimfundisha yote. Siku ambazo Subilaga alishindwa kusema kitu kikaoni, Mama Nkwabi alimsemea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Keti. Umesikia mkeka."

"Nimesikia."

"Moyo wa Mheshimiwa Kibunje una betri. Daktari wake ameleta cheti. Kiapo cha kweli kinaweza kumwangusha palepale jukwaani." Mama Nkwabi alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. "Kwa hiyo utampikia cha chokaa."

Subilaga hakuelewa. "Cha chokaa?"

"Chokaa, Subi. Na sukari kidogo kisimkwame. Kina umbo lile lile na rangi ile ile. Utaonja, utasema kimeiva, tutapiga makofi, tutakwenda kula pilau."

"Basi asiteuliwe," Subilaga alisema.

"Unasemaje?"

Alikuwa amesema kwa sauti ndogo mno. Alijaribu kurudia, lakini Mama Nkwabi akaendelea kana kwamba hakuna kilichosemwa. Ndivyo ilivyokuwa maisha yote ya Subilaga. Mambo ya kweli aliyasema kwa sauti ambayo mtu angeweza, akipenda, kutoisikia.

"Si jambo geni. Tunapika cha chokaa panapokuwa na sababu. Hata kile chake cha Afya nilikipika mimi. Moyo ni ule ule."

Nje ya dirisha punda wa bati alipita kwa miguu yake minne ya chuma, madumu ya maji yakigongana mgongoni, akitangaza bei kwa sauti ya kike iliyorekodiwa.

"Cha Afya kilikuwa chokaa," Subilaga alisema.

"Kilikuwa."

"Na Mama ulionja. Ukasema kimeiva."

"Nilisema." Mama Nkwabi hakuangalia pembeni, na hilo ndilo lililomuumiza Subilaga zaidi. "Usinitazame hivyo. Ninajua habari za dada yako, nilikuja matangani, nililala chini na nyie. Unadhani silijui nililolifanya? Lakini mimi sikumteua. Wakubwa wakishamteua mtu, kazi yetu ni kumlisha."

"Kwa nini usipike wewe na hiki?"

"Kwa sababu baada ya Isenga watu hawauamini tena ulimi wangu. Ulimi wako haujawahi kusema uongo. Ndiyo maana unatakiwa." Kisha kwa sauti ya kubembeleza, ile ile iliyokuwa ikimsemea vikaoni: "Ninastaafu, mwanangu. Mkeka ujao utakuwa na jina lako. Mkuu wa Jiko, na umri huo. Mama yako atajengewa nyumba. Fikiria."

Subilaga alifikiria. Alitoka pale, akaenda chooni, akafungulia maji ili asisikike, na badala ya kulia, kama alivyotarajia, akajikuta ameuma kitambaa cha kichwa mpaka taya zikauma.

*

Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa Kibunje alikuja kupimwa tumbo, kama sheria ilivyotaka. Aliingia maabara akisalimia kila mtu kwa jina alilolisoma kifuani mwake.

"Su-bi-la-ga," alisoma. "Wewe ndiye utakayenilisha? Basi nihurumie, binti yangu. Pilipili usitie."

Kigodi, aliyekuwa akishika waya, alitazama dari.

Mzee alifungua vifungo vya shati mwenyewe. Katikati ya kifua chake kulikuwa na kovu refu lililovimba, na chini ya ngozi, karibu na bega, umbo la betri lilionekana kama kiberiti kilichofichwa chini ya shuka. Subilaga alimwekea kipimo. Moyo ulipiga, ukasita, ukasukumwa na betri, ukapiga tena. Cheti hakikudanganya. Alitamani kingedanganya. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu mwenye moyo mzima.

"Unasikia?" Kibunje alimuuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mzaha. "Usiku unasimama. Mke wangu hulala ameniwekea mkono hapa, ausikilize."

"Pole, Mheshimiwa."

"Nilitaka kukataa, nisikufiche. Lakini mkeka haujamaliza kusomwa, kwetu wameshachinja ng'ombe. Mtoto wetu amekumbukwa, wanasema. Sasa mtu utakataaje? Utawaambia warudishe nyama?"

Alicheka. Subilaga alikunja waya za kipimo polepole. Alitaka kunyamaza, maana kunyamaza ndiko alikokuzoea.

"Mheshimiwa, kile kiapo cha Afya. Ulikuwa unasikia nini tumboni?"

"Kile?" Mzee alianza kufunga vifungo. "Siku ya kwanza kiungulia kidogo. Baadaye hakuna. Nikajua watu wangu ni wazima."

"Hata wakati wa Isenga?"

Kidole chake kilisimama kwenye kifungo. "Hata wakati huo."

"Na hukuuliza?"

Kibunje alimtazama. Macho yake yalikuwa na akili nyingi, akili ya mtu aliyekaa serikalini maisha yake yote na kujua ni swali gani lina mlango na lipi ni ukuta. Kisha tabasamu la mjomba likarudi.

"Binti yangu, umewahi kuona mtu aliyeshiba akaita mpishi kuuliza kwa nini hasikii njaa?"

Alicheka peke yake hadi mlangoni.

Kigodi aliweka waya mezani. "Alijua," alisema. "Hakuambiwa, ila alijua."

*

Jioni Subilaga alimpigia dada yake. Uso wa Tumpe ulitokea kwenye kioo cha simu, nyuma yake foleni ya ndoo na bomba la Isenga lililokuwa likikohoa hewa.

"Maji yametoka?"

"Yametoka wapi? Tunasubiri punda wa bati, tununue. Umekonda, Subi. Unakula?"

"Ninakula. Dada, naomba uweke mkono kwenye kiganja hapo bombani. Ninapika kiapo cha Maji. Nataka kupima kama Isenga inasomeka."

Tumpe aligeuka, akatazama lile bamba la shaba. Lilikuwa limefanya ukungu wa kijani.

"Hakuna anayeweka mkono huku," alisema. "Mimi niliacha tangu siku ile. Unajua nilifanya nini siku ile? Ipyana alikuwa hawezi tena kulia. Nikambeba hadi mlangoni mwa wodi, nikamwekea mkono wake kwenye kiganja. Ulikuwa haufiki hata katikati ya bamba. Nikamwambia, bonyeza, baba, bonyeza, waziri anakusikia."

Subilaga alifunika mdomo.

"Waziri alikuwa hamsikii, sivyo?" Tumpe alisema. "Wewe unajua mambo hayo. Niambie."

Angeweza kusema mengi. Alisema, "Kilikuwa chokaa, dada. Hakikuwa kiapo. Hakusikia kitu."

Kwenye kioo uso wa Tumpe haukubadilika. Mtu mmoja nyuma yake alipiga kelele kuwa punda anakuja, foleni ikasogea, naye hakusogea.

"Na sasa?"

"Wanataka nipike chokaa tena. Nikipika cha kweli, moyo wake ni mbovu. Nimeusikiliza mwenyewe. Anaweza kufa."

"Sasa kwani?"

"Dada."

"Sasa kwani, Subi? Mpe kikali. Toa hicho kizingiti chenu, asikie yote kwa mkupuo. Mimi sisemi kwa hasira. Hasira ilikwisha, hii ni kitu kingine." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Wewe tulikuwa tunakupeleka kwa jirani kuku akichinjwa, usione. Lakini siku ya Krismasi hukuacha kula paja."

Simu ilikatika, au Tumpe aliikata. Subilaga alibaki akitazama mitambo. Muda mfupi baadaye, kwenye ramani ya Jiko iliyoonyesha viganja vya nchi nzima, nukta ya Isenga iliyokuwa imezimika kwa miezi mingi iliwaka. Dada yake alikuwa ameweka mkono.

Kisha nukta ikaongezeka mwanga. Watu wengine wa foleni walikuwa wakiweka yao.

Alipika kile cha chokaa kwanza, kwa sababu kilikuwa rahisi. Halafu alipika cha kweli. Alifanya kazi ile kama mama anavyopika ugali wa wageni asiowapenda, bila kuruka hatua hata moja. Kilipoanza kushika, alifikia gurudumu la kizingiti, akaligeuza. Akaligeuza tena, hadi mwisho, hadi mahali ambapo sheria haikuruhusu na ambapo moyo wowote, hata mzima, ungepasuka.

Liligeuka kwa urahisi. Hilo lilimtisha.

Alisimama hivyo, ameshika gurudumu, akimwona mzee ameanguka jukwaani na viatu vyake vinavyong'aa vimeelekea juu. Alipenda alichokiona. Akaendelea kukitazama, na ndani ya picha ile akaona mkono wa mke wa Kibunje umelala kifuani mwa mumewe gizani, ukisikiliza, na hauna cha kusikiliza. Alijua mkono huo. Alikwisha kuona mkono wa namna hiyo juu ya kifua kidogo.

Alirudisha gurudumu, si hadi kwenye huruma, hadi kwenye sheria tu. Kisha akaonja tone la chungu. Kiu ilimpanda kutoka tumboni kama moto wa majani makavu. Ulimi ulinata, macho yakauma. Alikunywa bilauri ya maji, na nyingine, na hazikumfaa chochote. Ndivyo walivyokuwa Isenga, kila siku, huku wakiongea, wakisalimiana, wakimwambia amekonda.

*

Sherehe ilifanyika uwanjani, chini ya mahema meupe. Vinyunyizio vilivyoning'inia hewani vilinyunyiza ukungu wa maji baridi juu ya wageni wa safu za mbele ili wasisikie jua. Watu wa kwao Kibunje walikuja na vitenge vyenye sura yake. Nyuma ya kamba walisimama wananchi wengine, na Bi Kundi alikuwamo, kwa sababu alikuwa amepewa zabuni ya chai.

Subilaga alibeba sinia lililofunikwa kwa kawa. Mama Nkwabi, aliyesimama karibu na Rais, alimpa ishara ya kichwa: uko vizuri, mwanangu.

Kibunje alikwisha kuinua mkono na kusema maneno. Sasa alisubiri kula.

Subilaga alifunua kawa. Kulikuwa na vidonge viwili, vimelala sambamba.

Msemaji wa sherehe alikohoa kwenye kipaza sauti. Subilaga aliuchukua ukoko wa kidonge cha kwanza, akauweka ulimini, akasubiri. Ulikuwa mtamu kidogo. Mbele yake kipaza sauti cha mpishi kilikuwa wazi, kikisubiri neno lake moja.

"Hakijaiva," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini safari hii vipaza sauti viliichukua na kuitupa hadi nyuma ya kamba. Hakuna aliyeweza, hata akipenda, kutoisikia.

"Hiki ndicho nilichoagizwa kupika. Ni chokaa. Kile cha Afya nacho kilikuwa chokaa." Alimeza mate. "Hiki cha pili kiko hai. Mheshimiwa, moyo wako nimeusikiliza, na sitakuficha, kinaweza kukuangusha. Sikukiongezea kitu, nimekiacha kama sheria ilivyo. Daktari yuko hapo nyuma. Ukiona huwezi kukila, hakuna atakayekulaumu. Ila kazi uiache."

Ukungu wa maji uliendelea kushuka juu ya safu za mbele. Kibunje alitazama vidonge. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Subilaga aliona, kwa muda usiozidi kupepesa jicho, mtu mzee aliyeogopa kweli, aliyetaka kwenda nyumbani. Moyo wake wa kike wa kuhurumia kila kitu ulimsogelea. Sema tu huwezi, alimwomba kimoyomoyo. Sema, baba.

Kibunje alikiinamia kipaza sauti. Tabasamu la mjomba likarudi mahali pake.

"Ndugu zangu," alisema, "kusema kweli, leo sina njaa."

Alisubiri kicheko. Maisha yake yote kicheko kilikuwa hakijawahi kumwangusha. Safu za mbele walijaribu, wakaachia njiani. Nyuma ya kamba palikuwa kimya. Kisha sauti ya Bi Kundi ikasikika bila kipaza sauti chochote, ya kawaida kabisa, kama anayehesabu sahani: "Utaisikia wapi."

Rais aligeuza shingo kidogo. Ilitosha. Askari wawili walikuja, wakamshika Subilaga mikono kwa upole wa watu wanaopigwa picha. Alipata nafasi moja tu ya kufanya kitu, akakifanya: alikichukua kidonge kilicho hai, akakifumbata.

Alipokuwa akiongozwa kushuka ngazi alisikia viatu vya Mama Nkwabi vikipanda. Aligeuka. Mama yule aliyelala chini matangani alikuwa amesimama kwenye kipaza sauti, miwani yake ikimeta. Aliweka ukoko wa chokaa ulimini. Hakumtazama Subilaga wala mtu mwingine.

"Kimeiva," alisema.

Na Fanuel Kibunje, mbele ya nchi nzima ambayo sasa ilijua kila kitu, alikula chokaa, akafuta midomo kwa leso, akawa Waziri wa Maji. Bendi ilipiga wimbo.

*

Walimweka kwenye chumba cha walinzi, pingu mikononi, wakisubiri gari. Mlinzi aliyebaki naye alikuwa kijana mwenye aibu kama yake, ambaye hakujua aangalie wapi.

Kiapo kikishaiva hakikai. Kisipoliwa hufa mkononi. Subilaga alifumbua kiganja. Kidonge kilikuwa cha uvuguvugu, kama yai lililotagwa sasa hivi. Ndani yake kulikuwa na mikono yote ya foleni ya Isenga, na mmojawapo ulikuwa wa Tumpe, aliyekuwa ameacha kuweka mkono.

Aliinamisha kichwa hadi kwenye pingu, akakila.

"Umekula nini?" mlinzi aliuliza kwa hofu.

"Kiapo."

"Cha nani?"

"Kilikosa mlaji."

Kilishuka, kikajishikiza. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu koo lilikauka kama limepakwa majivu, midomo ikanata, na kiu ya watu wengi ikaingia ndani ya mtu mmoja na kuketi. Mlinzi alimwona anavyohema. Alikimbilia pipa la kona, akajaza bilauri, akamshikia anywe, kwa kuwa mikono yake haikuweza.

Alikunywa yote. Mlinzi alijaza tena. Alikunywa.

"Nikuongezee?"

Subilaga alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuwa analia. Nje bendi ilikuwa bado inapiga, na sahani za pilau zilianza kugongana.

"Hayanifai haya," alisema. "Yapelekwe Isenga."

Mlinzi alisimama na bilauri tupu mkononi. Katika mji mkuu mzima, hatimaye, palikuwa na mtu mmoja mwenye kiu ya Isenga, na mtu huyo alikuwa amefungwa pingu.